Kijiko cha Mama Rwabuhihi

Generose alikishika kijiguu cha Twizerimana, akakibonyeza kwa kidole gumba, kisha akaondoa kidole. Shimo likabaki pale pale. Léa, mama wa mtoto, aliliangalia lile shimo, akangoja lifutike, na halikufutika.

"Umeona?"

"Nimeona, Mama."

"Basi usiniambie tena huyu mutoto ananenepa. Haya si mafuta, ni maji. Iko na bwaki, ile ugonjwa ya njaa. Na bwaki inaua."

Jamani, ziko njia nyingi za kumwambia mzazi neno kama hilo, na Generose hakujua hata moja. Alikuwa Mrundi wa bonde la Ruzizi, mwanamke mpana, Mkatoliki wa kusali rozari huku akikoroga sufuria, na sauti yake ingeweza kumwita mtu kutoka ng'ambo ya mto Mulongwe ukiwa umefurika. Masista ndio waliomfundisha kazi ya kulisha watoto. Uasi ulipoingia Uvira, masista wakaondoka. Yeye akabaki na sufuria zao, akazihamishia uani kwake Kilibula, akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Hakuna aliyemtuma, hakuna aliyemlipa. Unga aliomba sokoni, kuni aliomba kwa majirani, na aliyemnyima alijuta wiki nzima. Watu walimwita mkali. Mkali alikuwa, tena sana! Lakini waulizeni akina mama wa Kilibula ni watoto wangapi wanaotembea leo kwa sababu ya ukali ule.

Umri wa mtoto hakuuliza. Nani angeujua, na watu wamekimbia mara mbili, mara tatu? Alimtazama mtoto anaweza nini, akajua aketi wapi. Asiyeweza kukaa peke yake alibaki mapajani mwa mama yake akinyonya tu, asionjeshwe hata tone la uji. Aliyeanza kukaa alipata uji mzito, laini, vijiko vichache, na titi lake liko pale pale. Anayetembea aliwekwa kwenye mkeka na sahani yake mwenyewe, akala mara tano kwa siku, kidogo kidogo, maana tumbo lake halikuzidi ngumi yake kwa ukubwa. Aliyekwisha kung'oka meno ya utoto alipanda benchi, akala bugali na maharagi na majani ya lengalenga kama mkubwa, nusu ya sahani ya mkubwa. Mapaja, mkeka, benchi. Mtoto aliyepandishwa benchi alitembea siku hiyo kifua mbele kama chifu.

Na sahani ile ya peke yake ilikuwa ugomvi mkubwa. "Kwetu batoto banakula pamoja," akina mama walilalamika. Generose aliwajibu kwamba kwenye sahani moja mwenye mkono mrefu hushiba na mwenye mkono mfupi hulamba vidole, na yeye hakuja duniani kulisha mikono mirefu.

Twizerimana alistahili mkeka. Kule Mulenge, milimani, alikuwa ameanza kutembea, tena alikuwa akiwafukuza ndama. Sasa miguu ilikuwa imevimba, nywele zimegeuka nyekundu na nyepesi, na inzi walitua usoni pake asiinue mkono. Kilichomtisha Léa kuliko vyote ni kwamba mtoto hakucheka tena. Ukimtekenya, alikutazama tu, kama mzee aliyechoshwa na maneno ya watu.

"Anakula nini?" Generose akauliza.

Léa akainamisha kichwa. "Anakunywa... maji ya unga wa muhogo."

"Na nini?"

"Na maji."

"Muhogo na maji!" Generose akapiga makofi, kuku wakatawanyika. "Iyo ni ya kunyoosha kola ya padri! Nani alikufundisha kumulisha mutoto dawa ya pasi?"

Aliyemfundisha alikuwa mama mkwe wake, na mama mkwe hatajwi hovyo.

Ulikuwa mwaka wa sita tangu Depanda, yaani uhuru. Waasi waliofukuzwa mjini walikuwa wamepanda milimani, na milimani kuna ng'ombe. Walipofika Mulenge, walichinja ng'ombe walioweza kuchinja na kuswaga waliobaki. Rwabuhihi, mume wa Léa, aliponea na ng'ombe mmoja tu, Bihogo, jike jekundu lenye mimba, akaingia naye msituni kujificha. Mke wake, mtoto na mama yake aliwatuma washuke Uvira. Watu wengine walishuka na nguo, wengine na vyungu. Bibi kizee Nyiransengimana, ambaye wote walimwita Mama Rwabuhihi, aliacha hata blanketi yake ya pili. Alichobeba ni kyansi, chombo cha mti cha kuwekea maziwa, amekifunga kifuani kama mtoto mchanga.

Léa naye alikuwa mjamzito, na kwao mwanamke akishika mimba, mtoto aliyetangulia huachishwa titi siku hiyo hiyo. Si ukatili. Mlimani mtoto huyo hutoka kwenye titi akaingia kwenye kyansi, akanywa maziwa mpaka mashavu yanang'aa. Ila safari hii titi liliondoka, na ng'ombe nao walikuwa wameondoka. Ndipo Mama Rwabuhihi akafanya kosa ambalo ni mfugaji tu angelifanya. Alikoroga unga wa muhogo katika maji mpaka yakawa meupe kabisa, akamimina ndani ya kyansi ili yashike harufu ya moshi na maziwa ya zamani, akamnywesha mjukuu. "Amezoea nyeupe," alisema. "Tumbo lake litaijua." Na alimnywesha kwa upendo, jamani, kwa nyimbo na kwa kubembeleza, asubuhi na jioni.

"Sikiliza sasa," Generose alisema, akishusha sauti, na kwake kushusha sauti kulimaanisha kwamba ni jirani wa tatu tu waliosikia. "Uji muzito wa mahindi. Kijiko ya mawese. Na ndagala ya kutwanga, unga yake, kijiko nzima. Maziwa haiko, basi samaki ndiyo maziwa yake. Mara tano kwa siku."

"Ndagala hapana, Mama."

"Namna gani hapana?"

"Kwetu samaki haiingie mu nyumba. Mwenye kugusa samaki hagusi maziwa. Ng'ombe itakauka."

"Ng'ombe gani? Muko na ng'ombe hapa?"

"Iko moja. Kule juu, na bwana yangu. Iko na mimba."

Generose alimtazama. Alikuwa na mengi ya kusema, yalionekana yakimpanda kooni, lakini alimwona yule mwanamke mchanga ana mimba mbele na mtoto anayekufa mgongoni, akayameza. Ng'ombe mmoja tumboni mwa msitu: hiyo ndiyo mali yote ya nyumba, ndiyo mume atakayorudi nayo, ndiyo maisha ya kesho. Akikauka, nani atalaumiwa? Na mtoto akifa, nani atarudishwa?

"Sawa," akasema hatimaye. "Weye usimulishe. Mulete tu. Minye nitamulisha na mukono yangu, weye angalia ziwa."

Ndivyo walivyofanya. Kila asubuhi Léa alimwambia mama mkwe wake anakwenda kuchota maji, akapitia Kilibula, akamkabidhi mtoto, akageuka kutazama Tanganyika. Nyuma yake alisikia kijiko kikigonga sahani. Siku za kwanza Twizerimana alilia na kutema, na Léa akataka kumnyang'anya. "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe!" Generose alimkaripia. "Angalia ziwa!" Akaliangalia. Kisha siku moja kilio hakikusikika. Léa akaibia jicho, akaona mtoto amefumbua kinywa kabla kijiko hakijafika. Moyo ukamruka kwa furaha, na papo hapo ukamdunda kwa hofu.

Maana Mama Rwabuhihi alikuwa na pua. Maisha yake yote alikuwa amenusa maziwa akajua yamechacha kabla hayajachacha. Ungemficha vipi ndagala? Jioni moja alimbeba mjukuu, akaweka pua yake kwenye shavu la mtoto, akakaa kimya. Léa alitamani apigwe kuliko ule ukimya. Usiku kucha alipanga maneno ya kujitetea.

Asubuhi alipochukua mtungi, mama mkwe alijitanda kanga yake akamfuata. Walitembea wote wawili, wakapita askari waliokuwa wakivuta sigara njiani, mpaka uani kwa Generose. Akina mama waliacha kulisha. Waliomfahamu bibi kizee waliwaonya wenzao kwa macho: leo pataungua.

"Lisheni," Mama Rwabuhihi akasema. "Nimekuja kuona."

Akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa. Generose, ambaye hakumwogopa mtu ila Mungu, na huyo naye walikuwa wakielewana, akamweka Twizerimana kwenye mkeka, akachota uji. Mtoto akafumbua kinywa. Akachota tena, akafumbua tena. Kijiko cha tatu kilichelewa kidogo, na Twizerimana akakikamata kwa mikono miwili, akajivutia mwenyewe mdomoni.

Bibi akajipiga paja. "Kwangu anafunga meno," akasema polepole. "Kila siku namuimbia, anafunga meno."

Twizerimana alilamba kijiko.

"Miezi yote hii," akaendelea, "nilikuwa namulisha rangi."

Léa alipiga magoti mbele yake, akaanza kuomba msamaha, lakini mama mkwe alimnyamazisha kwa mkono, akamgeukia Generose. "Atapona?"

"Akikula hivi kila siku, mara tano, atapona. Akirudia maji yako, utamuzika."

"Bwana asifiwe, weye unasema vizuri," akajibu bibi kizee, na wengine wakaficha vicheko.

"Na Yesu mwenyewe alikula samaki, Mama," Generose akaongeza, akidhani sasa amempata.

"Yesu hakuwa na ng'ombe."

"Lakini mwenye njaa hana miiko!"

"Mwenye njaa ni huyu," Mama Rwabuhihi akasema, akimwonyesha mjukuu. "Mwenye mwiko ni minye. Usituchanganye." Akafikiri, na waliokuwapo waliona kwamba mama huyu hakuja kugombana wala kushindwa, alikuja kukata neno. "Mutoto hana mwiko. Hajui ng'ombe, hajui samaki. Mwiko ni ya ule anamulisha. Weye Generose si mufugaji, haikuhusu. Lakini weye haiwezi kumulisha mara tano. Iko na batoto ya bantu bote. Léa naye, Bihogo itakuja, nani atashika kyansi? Mikono yake ibaki safi." Akainyoosha mikono yake mwenyewe, mikono mikavu, yenye makovu ya kamba za ndama. "Hii imekwisha kushika maziwa ya kuitosha. Letea minye ile ndagala."

"Mama, hapana!" Léa akalia.

"Nyamaza, mwanangu."

Generose mwenyewe alisita. Kisha akamletea ndagala moja kavu kiganjani. Mama Rwabuhihi akafumba macho, akasali kwa sauti ya chini, akaitia kinywani nzima, na kichwa chake na macho yake. Akatafuna. Uso ukajikunja. Akameza. Hapakuwa na mtu pale aliyekuwa mgeni wa wafugaji kiasi cha kutojua kilichotokea: mwanamke aliyetunza maziwa ya ukoo tangu ujana wake alikuwa ameyaaga kwa hiari yake, mbele ya watu, ameketi juu ya kinu. Léa alimwogopa mama mkwe huyu tangu siku ya arusi. Siku ile alimpenda, na alilia wala hakuona aibu.

"Iko na chumvi," bibi akasema. "Sasa nipe kijiko."

Tangu hapo, mtihani ulikuwa kwa Generose! Mama Rwabuhihi aliishika kazi ile kama alivyokuwa akishika maziwa, bila mchezo. Alitwanga ndagala mwenyewe, akapepeta unga wake, akarudisha chenga kwenye kinu. Aliuliza kila kitu. Kwa nini mtoto wa mapajani asipewe maji? Anayekaa anaongezewa lini? Yai linafaa? Karanga je? Akijibiwa, hakusahau. Baada ya muda akawa anawakaripia akina mama wengine: "Weye, huyu wako iko na meno, kwa nini bado unamupa uji ya maji? Unamusafisha tumbo ao unamulisha?" Generose alicheka mpaka akashika kiuno. "Nimepata sista wa Kiprotestanti," alisema.

Twizerimana alipona. Kwanza uvimbe ukaondoka, akabaki mifupa mitupu, Léa akaogopa upya, na bibi akamwambia atulie, maji yametoka, sasa nyama inaingia. Nyama ikaingia. Siku moja bibi alichelewesha kijiko akizungumza na jirani, na mtoto akacheka. Alicheka tu, bila sababu, akimtazama inzi aliyetua kwenye sahani. Mama Rwabuhihi akaiacha kauli yake njiani, akasikiliza kicheko kile kama mtu anayesikiliza mvua baada ya kiangazi.

Lakini kyansi hakukigusa tena. Kilitundikwa ukutani, na kila alipokiona kimeanza kushika vumbi alimwita Léa akisafishe, akifukize kwa moshi wa majani kama alivyofundishwa. Yeye alisimama mlangoni, mikono nyuma, akielekeza. "Ugeuze. Na chini pia." Léa aligeuza, akafukiza na chini.

Mvua zilipoanza, Léa alijifungua mtoto wa kiume, Ezechiel. Na huyo hajatimiza hata mwezi mmoja, Rwabuhihi akateremka njia ya Mulenge, amekonda, ndevu zimemjaa, mbele yake Bihogo na ndama jike. Njiani alikuwa ameambiwa kwamba watoto wengi wa wakimbizi wamezikwa Uvira, na alikuja na moyo wa kuonyeshwa kaburi. Badala yake kitoto chenye mashavu kilimkimbilia ndama, kikamshika mkia. Mwanamume yule mrefu akaketi chini, matopeni, akajifunika uso.

Jioni akamkamua Bihogo. Léa alikinga kyansi, na maziwa yakaja na povu. Rwabuhihi, kama ilivyo desturi, akampelekea mama yake kwanza, kwa mikono miwili.

"Hapana," Mama Rwabuhihi akasema. "Hayanihusu tena. Mukeo atakueleza." Akasogea mpaka karibu na mlango, mbali na chombo, akakaa na sahani ya mjukuu mapajani. Ilikuwa saa ya mlo wa nne.

Léa akamweleza. Aliyasema yote: maji ya muhogo, shimo kwenye mguu, ziwa, kinu, ile ndagala moja yenye macho. Rwabuhihi alisimama na kyansi mkononi, asijue akiweke wapi. Alimwangalia mama yake, na hakuna neno la kumshukuru mtu kwa jambo kama lile, wala kwa Kiswahili wala kwa Kinyamulenge. Mama yake aliangalia sahani tu.

Maziwa yasipotee bure, Léa akamimina kidogo katika kikombe cha bati cha Twizerimana, maana Generose alikuwa amesema anayetembea, maziwa yakipatikana, apate kikombe kimoja, na samaki asiachwe. Mtoto akakipokea. Akanywa, akafanya masharubu meupe. Akamtazama bibi yake aliyekuwa akimngoja na kijiko. Na kama ambavyo yeye amelishwa kila siku na mwanamke huyo, mara tano, kwa nyimbo, akamwendea kwa hatua zake za bata, akainua kikombe, akakisukuma mdomoni mwa bibi.

"Nywa!" akaamuru.

Bibi akarudisha kichwa nyuma. Rwabuhihi akaruka kumzuia mtoto.

"Muache!" Léa alisema. Hakuwahi kupaza sauti mbele ya mama mkwe wake, wala mbele ya mumewe, na wote wawili walimgeukia. "Mama, ulisema weye mwenyewe, mbele ya bantu. Mwiko ni ya ule anamulisha. Sasa weye unalishwa na nani?"

Mama Rwabuhihi akaliangalia lile jibaba dogo lenye masharubu ya maziwa. "Na huyu," akasema.

"Na huyu iko na mwiko?"

Bibi kizee aliizungusha hukumu yake mwenyewe kichwani, akatafuta tundu lake, na kwa kuwa alikuwa ameikata vizuri, hakulipata.

"Hapana," akasema mwishoni. "Mutoto hana mwiko."

Twizerimana alichoka kungoja. Akasukuma kikombe tena, na safari hii bibi akafumbua kinywa. Alikunywa polepole, macho yamefumbwa, mikono yake iko mapajani, haijagusa kitu, na machozi yakishuka mpaka kwenye kidevu. Maziwa mengine yalimwagika kifuani pake. Hakuna aliyeyapangusa.

Kikombe kilipokwisha, akavuta pumzi, akachukua kijiko.

"Vizuri," akamwambia mjukuu. "Sasa kaa chini. Ndagala yako haijaisha."